Vita vya Nepal havikuanzia milimani

Asubuhi ya tarehe 1 Februari 2005, Mfalme Gyanendra wa Nepal alitokea kwenye televisheni ya taifa akatangaza kwamba amelivunja baraza la mawaziri na kwamba nchi sasa ataiendesha mwenyewe. Hotuba haijapoa, simu zikakatika, za mezani na za mkononi. Intaneti ikazimwa. Wanajeshi wenye bunduki wakaingia vyumba vya habari, wakakaa ubavuni mwa wahariri na kusoma kurasa kabla hazijaenda mtamboni. Wahariri nao wakajibu kwa kejeli. Gazeti moja la Kathmandu lilitoa tahariri kuhusu soksi, kwa uzito uleule ambao tahariri hujadili bajeti ya taifa. Jingine liliandika kuhusu ukataji wa miti. Redio za jamii zilipopigwa marufuku kutangaza habari, baadhi ya watangazaji walitoka nje wakasoma taarifa ya habari hadharani kwa kipaza sauti.

Wiki chache kabla ya hapo, kitabu cha mwandishi Mnepali Manjushree Thapa kiitwacho Forget Kathmandu kilikuwa kimetoka kwa Penguin ya India. Kichwa chake kidogo kinakiita maombolezo ya demokrasia. Maombolezo yalichapishwa, kisha marehemu akakata roho. Mwandishi akaondoka nchini, na leo anaishi Toronto. Alizaliwa Kathmandu mwaka 1968 na kukulia kati ya Nepal, Kanada na Marekani, kwa hiyo ughaibuni hakukuwa kugeni kwake. Jambo hilo limempa wapinzani wengi, nami nitawarudia.

Maandishi mengi ya kupinga vita hupita njia moja. Kuna picha ya mtoto, kuna hesabu ya maiti, kuna mwito wa pande zote kuweka silaha chini. Yana kazi yake, na anayeyadharau hajawahi kulala mahali risasi zinapolia. Kasoro yake ni kwamba huanza kusimulia pale risasi ya kwanza ilipolia na kunyamaza pale ya mwisho iliponyamaza. Thapa hakufanya hivyo. Kitabu chake juu ya vita kinatumia sehemu kubwa ya kurasa kuzungumzia ikulu, Bunge, vyama, magazeti, na wasomi wa mjini wanaojua kila kitu na wasifanye lolote. Vita vyenyewe vinakuja mwishoni. Kwa maoni yangu, mpangilio huo ndio upinzani mkali zaidi wa vita alioutoa, na ndio unaofanya kitabu kiendelee kuuma wakati mabango ya maandamano ya miaka ile yameshaliwa na mchwa.

Turudi nyuma kidogo, maana huku kwetu Nepal hutajwa zaidi kwa Mlima Everest kuliko kwa siasa zake. Mwaka 1990 maandamano ya umma yalimlazimisha Mfalme Birendra kukubali mfumo wa vyama vingi, na mwaka uliofuata ukafanyika uchaguzi. Kilichofuata msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kusimuliwa kwa kirefu. Muungano unaundwa, unavunjika, mawaziri wakuu wanapokezana kiti. Wabunge wakajiruhusu kuingiza magari ya kifahari bila kulipa ushuru, hadi siasa yote ya miaka hiyo ikapewa jina la gari lenyewe, Pajero. Hiyo ndiyo demokrasia waliyoiona watu wa vijijini: vumbi la gari la mheshimiwa, likipita, kama barabara ilikuwepo.

Huko Rolpa, wilaya ya milimani magharibi mwa nchi ambako wakomunisti walikuwa na nguvu, hata vumbi hilo halikufika. Walifika polisi. Mwishoni mwa mwaka 1995 serikali iliendesha operesheni iliyoitwa Romeo. Watu wakakamatwa ovyo, wakapigwa, maelfu wakakimbilia porini. Tarehe 4 Februari 1996 Baburam Bhattarai, kiongozi wa Wamao, yaani wakomunisti wanaofuata mafundisho ya Mao wa China, na msomi mwenye shahada ya uzamivu kutoka Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru mjini Delhi, alimpelekea Waziri Mkuu Sher Bahadur Deuba orodha ya matakwa 40. Ukiyasoma leo unashangaa yalivyo ya kawaida. Ardhi kwa wanaoilima. Wasichana wawe na haki ya urithi sawa na kaka zao. Ubaguzi wa tabaka ukomeshwe. Dola isiwe na dini. Maji, barabara na umeme vifike vijijini. Serikali iliyapuuza. Lakini na tuwe wakweli kwa pande zote: barua ilitoa muda hadi tarehe 17, na vita vikaanza tarehe 13 kwa mashambulizi ya vituo vya polisi. Wamao hawakusubiri hata tarehe waliyoiweka wenyewe. Vita walishaviamua.

Miaka 10 baadaye watu zaidi ya 13,000 walikuwa wameuawa, na hesabu zilizotolewa baadaye zikafika 17,000. Zaidi ya nusu waliuawa na vyombo vya dola. Watu zaidi ya 1,300 hawajulikani walipo mpaka leo. Mwaka 2003 na 2004, kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa kinachofuatilia watu waliopotezwa kwa nguvu kilipokea kesi mpya nyingi zaidi kutoka Nepal kuliko kutoka nchi nyingine yoyote duniani.

Sasa tazama Thapa anavyoishughulikia historia hiyo. Anaanza na usiku wa tarehe 1 Juni 2001, familia ya mfalme ilipouawa kwa risasi ndani ya kasri. Taarifa rasmi ilimtaja mwana wa mfalme, Dipendra, kuwa muuaji, naye akatangazwa mfalme akiwa hana fahamu hospitalini, akafa, na taji likaenda kwa baba yake mdogo, Gyanendra. Mwandishi mwingine angetafuta njama. Yeye anatazama kitu kingine, nacho ni jinsi watu wa Kathmandu, akiwemo yeye, walivyoikosa habari ya kweli na wakazoea kuishi bila kuijua. Nchi isiyojua nani amemuua mfalme wake haiwezi kujua nani anawaua wakulima wake huko wilayani. Tukio la kasri anaunganisha na vita kwa uzi huo wa kutojua, nami sijaona mchambuzi wa siasa za Nepal aliyeushika vizuri kuliko yeye.

Halafu anaondoka mjini. Usitishaji mapigano wa mwaka 2003 ulipofungua njia, alitembea kwa miguu katika wilaya za magharibi zilizokuwa mikononi mwa Wamao: Dailekh, Kalikot, Jumla. Serikali ilikuwa imejikunyata kwenye makao makuu ya wilaya, ndani ya seng'enge, na nje ya hapo nchi ilikuwa ya wengine. Hii ndiyo sehemu ninayopenda kuirudia. Anakutana na wasichana wadogo waliojiunga na waasi, wana sare, wana kitu cha kufanya, na wanaongea na wanaume bila kuinamisha macho. Bila kujifanya haelewi, anakiri kwamba msichana wa kijiji kile, asiye na shule wala lolote mbele yake isipokuwa ndoa na kuchota maji, angeweza kuliona jeshi la waasi kuwa mlango pekee ulio wazi. Wakati huohuo haoni sababu ya kushangilia. Kichwa cha sehemu hiyo kinatabiri mauaji yanayokuja, na yalikuja. Agosti ya mwaka huohuo, huko Doramba, wanajeshi waliwakamata na kuwaua watu 19, na uchunguzi wa tume ya taifa ya haki za binadamu ukaonyesha kwamba wengi walipigwa risasi kwa karibu. Siku kumi baadaye usitishaji mapigano ukafa.

Nina neno hapo. Kumwelewa msichana mwenye bunduki ni jambo jema, lakini kuna hatari ya kumwelewa mno. Umoja wa Mataifa ulipowahakiki wapiganaji wa Kimao mwaka 2007, ulithibitisha watu 19,602, wanawake wakiwa 3,846. Ulikataa pia watu 2,973 kwa sababu waliingizwa jeshini wakiwa watoto. Walikaa kambini hadi mwaka 2010, kisha wakarudishwa nyumbani wakiwa na jina la kutofaa, bila posho waliyopewa wenzao. Wakubwa wao wakati huo walikuwa wameshaonja uwaziri. Ule mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa kuingilia tu. Kitabu cha mwaka 2005 kisingeweza kulijua hilo, lakini anayekisoma leo asilisahau.

Kuna mahali ambapo vita hivi vinatugusa sisi tunaozungumza Kiswahili, na si kwa mbali. Watu wa Bunia na vijiji vya Ituri, mashariki mwa Kongo, wanawajua wanajeshi wa Nepal kwa sura, maana kwa miaka mingi wamekuwa huko na kofia za bluu za Umoja wa Mataifa. Mei 2006 wanamgambo wa Ituri walimuua mmoja wao na kuwateka saba. Nepal imekuwa miongoni mwa nchi zinazotoa askari wengi zaidi wa kulinda amani duniani, na askari hao hufundwa kwenye kituo maalumu cha jeshi huko Panchkhal, wilaya ya Kavre.

Katika kituo hicho hicho, tarehe 17 Februari 2004, aliuawa kwa mateso msichana wa miaka 15 aliyeitwa Maina Sunuwar. Wanajeshi walikuja nyumbani kumtafuta mama yake, Devi, aliyekuwa akisimulia alivyoshuhudia askari wakimtendea unyama na kumuua binti wa ndugu yake siku chache kabla. Mama hayupo, wakamchukua mtoto. Walimzamisha kwenye maji na kumpiga shoti ya umeme, akafa, wakamzika ndani ya kambi. Jeshi lilikana kwanza, kisha likawafikisha maofisa wake mbele ya mahakama ya kijeshi iliyowahukumu kifungo cha miezi sita kwa makosa madogo, na hata hicho ikakihesabu kuwa kimeshatumikiwa. Mabaki yake yalifukuliwa Machi 2007. Mwishoni mwa 2009 mmoja wa watuhumiwa, ambaye cheo chake kilikuwa kimeshapanda hadi meja, alikutwa Chad akiwa na kofia ya bluu, akarudishwa nyumbani kwa aibu. Aprili 2017 mahakama ya wilaya ya Kavre iliwahukumu maofisa watatu kifungo cha maisha wakiwa hawapo mahakamani. Meja yule aliachiwa.

Nimeikalia kesi hii kwa makusudi. Inaonyesha kwa nini hoja ya Thapa kuhusu mji na ofisi ina uzito kuliko hoja ya bunduki. Aliyemuua Maina alikuwa ofisa aliyefunzwa, katika kituo kilichojengwa kwa jina la amani, katika nchi yenye katiba, mahakama na Bunge. Kila taasisi ambayo mwana demokrasia angeitaja ilikuwepo, na kila moja ilishindwa kwa zamu yake.

Sasa nije kwa wapinzani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ndivyo watakavyokuambia, na hoja hii kila mwandishi wa ughaibuni anaijua. Uko Toronto, kwenye joto la hita, unatuandikia sisi tuliobaki. Kwa Thapa hoja hiyo inakuja na nyongeza: kwamba ametoka familia ya wakubwa waliotumikia ubalozini na serikalini, anaandika kwa Kiingereza, na wasomaji wake wa kwanza wako Delhi na London.

Sehemu ya kwanza ya hoja naikataa. Mwaka 2005 waliokilalia kitanda walikuwa na askari pembeni, wakiandika kuhusu soksi. Aliyeweza kusema ni aliyekuwa nje, na kusema kwake kulikuwa na matokeo. Wanaharakati wa Nepal na marafiki zao nje ya nchi walijua kwamba jeshi linaogopa jambo moja kuliko yote, nalo ni kunyimwa kazi za Umoja wa Mataifa pamoja na mishahara yake na heshima yake. Wakashika hapo. Aprili 2005 serikali ya mfalme ikakubali mjini Geneva kufunguliwa kwa ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa nchini Nepal. Mei 2006 ofisi hiyo ikatoa ripoti kuhusu watu 49 waliopotezwa baada ya kushikiliwa katika kambi ya kikosi cha Bhairabnath, Maharajgunj, katikati ya Kathmandu kwenyewe. Kazi hiyo haikufanywa na mtu mmoja wala kitabu kimoja, ila isingewezekana kama wote walio nje wangekubali kwamba kunguni si wao.

Sehemu ya pili, ya lugha na tabaka, ina ukweli, na sioni haja ya kumtetea. Maombolezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza hayamfikii mama wa Kalikot. Linganisha na kazi ya mhariri Kunda Dixit, aliyekusanya picha za vita zilizopigwa na wapiga picha mbalimbali, kisha akazizungusha mikoani kama maonyesho. Watu wasiojua kusoma walisimama mbele ya picha wakawatambua jamaa zao. Hakuna insha ya Thapa iliyofanya hivyo. Lakini picha zile nazo zinaanzia pale ambapo damu imeshamwagika. Zinamwambia mtazamaji kilichotokea. Nani aliyetia saini, nani aliyenyamaza Bungeni, nani aliyeiita Rolpa tatizo dogo la polisi, hayo yanahitaji mtu aliyekaa karamu moja na watu hao na anayewajua kwa tabia. Tabaka lake linalotajwa kama dosari ndilo lililompa habari. Nisingemsamehe kama angelitumia kujisafisha. Hakulitumia hivyo.

Kuna vita vingine vya Nepal visivyopiganwa Nepal, na hapo riwaya zake zinasaidia kuliko insha. Katika riwaya yake ya kwanza, The Tutor of History ya mwaka 2001, iliyowekwa katika mji mdogo wa barabarani wakati wa kampeni za uchaguzi, mmoja wa wahusika ni Gurkha, yaani askari wa Kinepali, mstaafu wa jeshi la Uingereza aliyerudi na pensheni yake na moyo wake mwema. Huwezi kuandika siasa za Nepal ukamruka mtu huyo. Tangu vita vya Waingereza na Nepal vilivyoisha kwa mkataba wa Sugauli mwaka 1816, milima ile imekuwa ikiuza vijana kwa majeshi ya wengine. Katika vita vikuu vya kwanza walipelekwa takriban laki mbili. Baadhi yao tuliwaona huku pwani: Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuuteka mji wa Tanga kutoka kwa Wajerumani, waliofanikiwa kuingia mjini na kupigana mtaani ni pamoja na Wagurkha wa kikosi cha Kashmir. Kijana wa Himalaya anapigania Tanga kwa niaba ya London dhidi ya Berlin, na anayemlenga kutoka upande wa pili ni askari wa Kimanyema au Kinyamwezi. Sijui vita gani vya kipuuzi zaidi ya hivyo.

Biashara hiyo haijafungwa. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, mawakala waliwapeleka vijana wa Nepal kwenye jeshi la Urusi kwa ahadi za mshahara na uraia, na makumi wamekufa huko. Januari 2024 serikali ikasitisha vibali vya kwenda kufanya kazi Urusi na Ukraine. Sisi tusicheke. Kijana wa Kitanzania aliyekwenda Urusi kusoma alikufa mwaka 2022 akipigana upande wa Wagner, kundi la mamluki wa Kirusi, na mwili wake ukarudishwa nyumbani Januari 2023. Vijana wa Kenya nao wamekamatwa na kuuawa katika vita hivyohivyo. Anayesema anapinga vita huku uchumi wa nchi yake unategemea kusafirisha miili ya vijana, kwa mshahara wa jeshi au wa kibarua, amepinga nusu. Riwaya ya Thapa ya mwaka 2016, All of Us in Our Own Lives, ina kijana Mnepali aliyekwenda kufanya kazi ya upishi Falme za Kiarabu, na wasomaji wa Mombasa na Zanzibar wenye ndugu Dubai watamtambua bila kuelezwa.

Riwaya ninayoipa nafasi ya juu zaidi kwenye suala la vita, hata hivyo, ni Seasons of Flight ya mwaka 2010, ambayo karibu haina vita ndani yake. Prema anashinda bahati nasibu ya viza ya Marekani na kuishia Los Angeles akihudumia wazee majumbani. Wanaomuuliza anatoka wapi hawajui Nepal iko upande gani wa dunia. Nyumbani ameacha baba, na mdogo wake wa kike, Bijaya, aliingia kwa Wamao. Prema hamwombolezi hadharani, wala hatoi hotuba. Anajishughulisha na kipepeo mdogo wa bluu aliye hatarini kutoweka, anayeishi kwenye matuta ya mchanga karibu na uwanja wa ndege. Baadhi ya wasomaji wameona huko ni kuikimbia mada. Mimi naona ndivyo vita vinavyoishi ndani ya mtu aliyeondoka: havitajwi mezani, vinatafuta kitu kidogo cha kukiokoa badala ya yule aliyeshindikana kuokolewa. Ukimya wa Prema unaniambia zaidi kuhusu wakimbizi ninaowafahamu kuliko ripoti nyingi nilizosoma.

Vita viliisha kwa mkataba wa tarehe 21 Novemba 2006, baada ya umma kumwangusha mfalme kwa maandamano ya siku 19 mwezi Aprili. Mei 2008 Nepal ikawa jamhuri. Wengi walidhani mwandishi wa maombolezo sasa atabadili wimbo. Septemba 2015 katiba mpya ilipotangazwa, baada ya watu zaidi ya 40 kuuawa katika maandamano ya nyanda za chini za kusini, Thapa aliandika kwamba ameichoma moto nakala yake. Kisa kilikuwa uraia: katiba hiyo haikumpa mwanamke wa Nepal haki ya kuwarithisha watoto wake uraia sawa na mwanamume. Urithi sawa wa mabinti ulikuwa miongoni mwa matakwa 40 ya mwaka 1996. Maelfu ya watu wamekufa, Wamao wamekaa Bungeni, wamesaidia kuandika katiba, na mwanamke bado anahesabiwa nusu. Waliomtukana kwa kuchoma karatasi ya taifa walimpa jibu lake bila kukusudia, maana walikasirishwa na moto kuliko na kilichoandikwa.

Wakubwa wa vita wamezeeka kwa raha. Deuba aliyepokea barua na Prachanda aliyewaongoza Wamao msituni wote wamerudi kwenye uwaziri mkuu, zaidi ya mara moja kila mmoja, na wakati mwingine kwa kusaidiana. Januari 2020 Prachanda alisema jukwaani kwamba vifo 5,000 yuko tayari kuvibeba yeye kama kiongozi, vilivyobaki vibebwe na dola. Ilisemwa kama mtu anayegawana bili ya hoteli. Tume ya ukweli na maridhiano iliyoundwa mwaka 2015 imepokea malalamiko zaidi ya 60,000, na hakuna hata moja lililomfikisha mtu kizimbani.

Watu wengi sasa, wakitaka kuielewa Nepal, wanaitazama Septemba 2025, vijana walipoingia barabarani, 19 wakauawa siku ya kwanza, Bunge na majengo ya serikali yakachomwa, na Waziri Mkuu Oli akajiuzulu. Ni haki kuitazama. Mimi natazama tarehe isiyo na moshi. Agosti 2024 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya maridhiano, ambayo yanaruhusu adhabu ya makosa mazito ya wakati wa vita kupunguzwa kwa asilimia 75. Wanachama wa Congress, chama cha Deuba kilichotuma polisi Rolpa, wa UML, wakomunisti wa Bungeni waliokaa pembeni wakihesabu viti, na Wamao waliobeba bunduki, wamegombana juu ya mengi kwa karibu miaka 30. Juu ya hili walikubaliana wote watatu.